Chupa ya mafuta ya nazi na siri ya mkate wa kumimina

Shangazi yangu hakuwahi kuwa na kipimajoto. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Ilikaa kwenye rafu ya jikoni, nyumba ya Mkunazini, Mji Mkongwe, pembeni ya kopo la iliki, na kila asubuhi aliyokusudia kupika mkate wa kumimina aliitazama kabla hajaugusa mchele. Mafuta yakiwa yameganda, meupe kama samli, alisema: "Leo kuna baridi, mwanangu. Kamulia nazi maji ya moto kidogo." Yakiwa maji matupu yanang'aa, alikamulia maji ya mtungini, akatia hamira nusu ya ile ya kawaida, kisha bakuli akaliweka sakafuni, kwenye kona isiyofikwa na jua.

Sisi watoto tulidhani ni mazoea ya kizee. Nimechukua miaka mingi kuelewa alichokuwa akikifanya. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Hapa Unguja, alfajiri za Julai na Agosti, kusi ikivuma, joto hushuka hadi nyuzi 22, siku nyingine 21, na mafuta huganda rafuni. Februari, kaskazi ikitawala, usiku wenyewe haushuki sana chini ya 25, na mchana hupanda hadi 32 au 33. Mafuta hayagandi hata siku moja. Kwa hiyo shangazi alikuwa na kipimajoto chenye alama moja tu, na alama hiyo ilikuwa pale pale panapotakiwa.

Mimi nilirithi mapishi, sikurithi chupa. Mapishi niliyaandika kwa mkono wangu alipokuwa akinitajia: vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku, kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko cha chai cha hamira, saga mpaka ulainike, "acha iumuke saa moja", kisha tia sukari, iliki na ute wa yai uliopigwa, mimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto chini, halafu palia makaa juu ya kifuniko. Ramadhani ya kwanza niliyoupika peke yangu ilikuwa ya mwaka 2015. Ilianza katikati ya Juni. Saa moja ilitosha kabisa, na mkate ulitoka na matundu kama sega la nyuki, mwepesi, wa kuchambuka kwa vidole.

Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mapishi yale yale, karatasi ile ile iliyopakaa mafuta. Niliacha rojo saa nane na nusu mchana nikaenda shughuli zangu, na niliporudi baada ya saa moja ilikuwa imeshapanda, imemwagika ukingoni, na imeshuka tena. Katikati pamebonyea, na harufu iliyotoka ni ya tembo. Niliupika hivyo hivyo kwa kuwa magharibi haingoji. Ulitoka mzito, chini umeshikana kama ubao, na uchungu wa mbali wa kitu kilichochacha. Siku ya pili nilibadilisha hamira nikimlaumu muuza duka. Siku ya tatu nilibadilisha mchele. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu mwenye makosa hakuwa hamira wala mchele. Ramadhani ilikuwa imehama.

Kalenda ya Hijria hutangulia ile ya kawaida kwa siku 11 hivi kila mwaka. Kwa hiyo katika miaka kumi, mwezi wa futari ulitoka kwenye ubaridi wa kusi ukaingia kwenye fukuto la kaskazi, na utabaki ndani ya miezi ya joto kwa miaka kadhaa ijayo. Msichana aliyejifunza kumimina mwaka 2015 na msichana anayejifunza sasa wanapewa neno moja, "saa moja", na neno hilo lina maana mbili tofauti.

Hamira ni kiumbe hai, kuvu wa chembe moja, na jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Hula sukari, hutoa hewa ukaa na kileo kidogo. Hewa ndiyo inayoinua rojo. Kileo huondoka na mvuke wa jikoni. Kasi ya ulaji wake inafuata joto. Ikiwekwa kwenye friji, nyuzi 4, huwa kama imelala. Inapendelea zaidi nyuzi 30 hadi 35. Ikifika 55 na kuendelea hufa, na ndiyo maana aliyemwaga tui la kuunguza juu ya hamira husubiri mpaka usiku bila kuona povu. Kati ya usingizi wa friji na hizo 35, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi huwa karibu mara mbili. Piga hesabu: rojo inayohitaji saa moja kwa nyuzi 24 itahitaji dakika 35 hivi kwa nyuzi 32. Zile dakika 25 zinazobaki ndizo zilizonimwagia mkate wangu.

Na hamira haiko peke yake bakulini. Mchele uliolowekwa una bakteria wake, wale wanaogandisha maziwa na ndugu zao, na hao hulipenda joto kuliko hata hamira. Usiku wa Februari maji ya kulowekea mchele huanza kutoa harufu kabla ya alfajiri. Mchele huo ukisagwa, uchachu umeshatangulia, na hamira inaingia nyumba yenye wenyewe. Kusi ikivuma, mchele ule ule hulala usiku kucha ukaamka mtamu. Nimekuja kuamini kwamba nusu ya malalamiko ya "mkate umechacha" yanaanzia kwenye kulowekwa, wala si kwenye kuumuka.

Watu wa jikoni wataniambia: sisi tunapima kwa mkono. Hapa naomba wanisikilize vizuri, kwa sababu mimi pia niliamini mkono wangu, na ndio ulionidanganya. Ngozi ya vidole vyetu ina joto lake, kwa kawaida nyuzi thelathini na kitu. Kidole hakipimi joto la kitu. Kinapima tofauti kati ya kitu hicho na chenyewe. Maji ya nyuzi 37 tunayaita vuguvugu kwa sababu yanaizidi ngozi. Lakini rojo ya nyuzi 25, ya 28 na ya 31 zote zitaonekana kwa kidole kuwa na ubaridi kidogo, au hazina joto wala baridi. Kumbe kwa hamira, tofauti ya 25 na 31 ni tofauti ya mkate na hasara. Eneo lote tunalolihitaji limo ndani ya ule ukimya wa mkono. Shangazi alijua kuonja joto la tui kwa kidole, ndiyo, lakini uamuzi aliufanya kwa chupa.

Nilinunua kipimajoto cha jikoni, kile chenye msumari mrefu wa chuma na kioo kidogo cha tarakimu, na daftari la shule. Kwa mwaka mzima sikupika kitu cha hamira bila kuchoma msumari katikati ya bakuli na kuandika. Mkate wa kumimina, vibibi, vitumbua, mkate wa ufuta, maandazi. Daftari hilo limenifunza mambo ambayo sikuyasoma katika kitabu chochote cha mapishi, na la kwanza ni kwamba joto la chumba si joto la rojo.

Chukua nazi. Tunaikuna kwenye mbuzi, tunaikamua kwenye kifumbu kwa maji ya moto ili itoe tui zito. Tui hilo, likimwagwa moja kwa moja kwenye mchele, huingia na nyuzi 38 au 40. Kisha kuna blenda. Zamani mchele wa kumimina ulitwangwa au ulisagwa kwenye jiwe, kazi ya pole pole. Siku hizi visu vya blenda vinazunguka kwa dakika nne, tano, mpaka mchele ulainike, na msuguano ule wote hugeuka kuwa joto. Shika jagi la blenda kwa chini baada ya kusaga utalisikia. Kwenye jiko langu, kusaga peke yake huongeza nyuzi nne hadi sita. Kwa hiyo siku ya Machi, chumba kina nyuzi 31, nikadhani rojo iko 31. Kumbe ilikuwa 37. Ningeweza kulaumu kaskazi mpaka mwisho wa dunia, na lawama ya kwanza ilikuwa ya blenda yangu.

Jambo la pili ni joto linalotoka ndani ya rojo yenyewe. Hamira inapokula hutoa joto. Kwenye bakuli la nyumbani halionekani sana, linapotea ubavuni. Lakini mpishi wa arusi anayechanganya kwenye ndoo ya lita 20 ana kitu kingine mbele yake: katikati ya ndoo joto halina pa kutokea, hujikusanya, na huzidi kuichochea hamira, ambayo huzidi kutoa joto. Ndiyo sababu mapishi yaliyofaulu nyumbani yakizidishwa mara kumi huharibika, na mpishi huapa kwamba alipima kila kitu sawasawa. Alipima kila kitu isipokuwa katikati ya ndoo. Dawa yake ni ndogo: gawa kwenye mabakuli mapana, mafupi, au kwenye masinia.

Halafu kuna nyumba. Nimepima katika nyumba tatu za jamaa, siku moja, saa nane mchana, mwezi wa Januari. Nyumba ya Mji Mkongwe, chumba cha chini, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita: mle ndani palikuwa baridi kuliko nje, na bakuli lililowekwa sakafuni lilikuwa baridi kuliko lile la mezani. Ukuta ule unakunywa joto la mchana taratibu na kulirudisha usiku. Nyumba ya pili ni ya Ng'ambo, bati bila dari: jiko lilikuwa na joto kuliko uwani kwenyewe. Ya tatu ni fleti ya Michenzani, yale majengo marefu ya zege yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970; ghorofani, upande wa magharibi, joto lake kubwa huja jioni, wakati hasa futari inapoandaliwa. Mapishi ya shangazi yalizaliwa kwenye ukuta wa nusu mita. Yakipelekwa chini ya bati yanakuwa mapishi mengine, hata kama vikombe ni vile vile. Familia nyingi zimehama Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo na pembezoni mwa mji, na sijui tumewalaumu mabinti wangapi kwa "kutokuwa na mkono" ilhali walichokosa ni ukuta.

Haya si matatizo ya Unguja peke yake, na waliohangaika nayo mapema zaidi kwa kalamu na hesabu ni watengeneza bia wa Ulaya. Sisi wengi wetu hatuna haja na kinywaji chao, lakini elimu yao ya joto inatuhusu, kwa kuwa kiumbe ni kile kile. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, Duke Albrecht wa Tano, alipiga marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29. Hakuwa na kipimajoto. Aliona tu kwamba bia ya kiangazi huharibika, akaamua kuuzuia msimu. Ni chupa ya shangazi hiyo, ila imeandikwa kuwa sheria. Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, na Anders Celsius akapendekeza mgawanyo wa nyuzi mia mwaka 1742. Huko Uingereza Michael Combrune akachapisha mwaka 1762 kitabu cha kutengeneza bia kilichosisitiza matumizi ya kipimajoto. Katika miaka hiyo hiyo, mji wa Alton, kijana James Baverstock alianza kukitumia kwenye kiwanda cha bia cha familia, na inasimuliwa kwamba alilazimika kumficha baba yake, mzee aliyeamini kuwa kazi hii hufanywa kwa uzoefu.

Kisa hicho kinanigusa kwa sababu mimi nami nilikificha kipimajoto. Nilikitia kwenye mfuko wa baibui nilipokwenda kumpikia mama mkwe, nikachoma rojo alipotoka kwenda kuswali. Sikuona haya kwa kuwa ni kosa. Niliona haya kwa kuwa kwetu kupima kwa chombo ni kukiri kwamba hujui. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Mama mkwe alipokiona mwishowe aliuliza swali moja la maana kuliko yote niliyoulizwa: "Sasa ya kwangu mimi ni ngapi?" Tulipima. Ya kwake ilikuwa 27, na mkate wake haujawahi kuharibika. Anajua, tena anajua sana. Kilichokosekana ni namna ya kukipitisha alichokijua kwa mtu asiyeishi naye.

Wale wa bia walisonga mbele zaidi. Waligundua kwamba joto halibadilishi kasi tu, linabadilisha ladha. Hamira za aina moja huzifanyia kazi kwenye nyuzi 20 hivi, za aina nyingine kwenye 10, na zikizidishiwa joto hutoa vileo vizito na harufu kali za matunda, ile ya ndizi iliyoiva sana ikiwa mojawapo. Harufu hiyo ukiifunua kawa ukakutana nayo kwenye rojo ya kumimina, ujue rojo ilipata joto kupita kiasi au ilisahauliwa. Katika miaka ya 1870 kiwanda cha Spaten cha Munich kilishirikiana na mhandisi Carl von Linde kutengeneza mashine ya kuzalisha baridi, ili kazi iendelee hata wakati wa kiangazi. Friji iliyopo kwenye jiko lako inatokana kwa sehemu kubwa na haja hiyo ya kuituliza hamira.

Pwani yetu ilikuwa na mchacho wake, na wenye kuujua ni wagema. Maji matamu yanayodondoka kwenye karara la mnazi huanza kuchacha mle mle kwenye kibuyu, juu ya mti, kwa hamira na bakteria za hewani na za chombo chenyewe. Mgema hana uwezo wa kuzuia joto. Ana uwezo wa kukimbizana na saa. Kinachoteremshwa asubuhi ni kitamu, kikifika jioni ni kikali, na kikiachwa siku kadhaa kinakuwa siki. Ni mlolongo ule ule unaotokea kwa udogo kwenye bakuli lililosahauliwa, na ndiyo maana pua zetu hutaja tembo mara moja.

Mwaka tulioonyeshwa kwa nguvu maana ya baridi ni ule wa giza. Disemba 10, 2009 umeme uliokuwa ukitoka Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari ulikatika, na Unguja nzima ikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Kisiwa kilishapata giza la karibu mwezi mmoja mwaka 2008, lakini lile lilikuwa Mei na Juni, msimu unapoanza kupoa. Hili la pili liliangukia kwenye kilele cha kaskazi. Maulidi ya mwaka ule yalikuwa mwisho wa Februari. Majirani waliozoea kusaga usiku na kulaza rojo kwenye friji mpaka alfajiri walipoteza mchele wa siku nyingi. Jenereta zilinguruma mitaani lakini mafuta yake yalikuwa ghali mno kwa ajili ya bakuli la vibibi. Shangazi hakubadilisha kitu kikubwa. Aliloweka mchele kwa saa tatu badala ya usiku kucha, akabadilisha maji mara mbili, akapunguza hamira, akaliweka bakuli ndani ya sinia la maji ya mtungini na kulifunika kitambaa kibichi kilichogusa maji. Alipika alfajiri, si alasiri.

Sinia lile lina hesabu yake. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, ndiyo sababu mtungi wa udongo unaotoa jasho huwa na maji baridi. Lakini hewa ya Unguja ina unyevu mwingi, haipokei mvuke kwa urahisi. Mchana wa Februari, hata mtungi bora kwenye upepo mzuri haushuki sana chini ya nyuzi 26, na wakati wa masika hupungua nguvu zaidi. Nyuzi 26 inatosha kwa kumimina. Haitoshi kwa maziwa wala kwa samaki, na asije mtu akadhani mtungi ni friji.

Kwa anayetaka kuanza, nitasema ninavyofanya sasa. Kipimajoto kiwe cha chakula. Cha homa hakifai; vingi vya zebaki huanza kusoma kwenye nyuzi 35, na kioo chenye zebaki hakiruhusiwi kukaribia chakula hata kwa bahati mbaya. Kabla ya kukiamini nakijaribu mara mbili: barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji kidogo lazima isome 0, na maji yanayochemka lazima yasome 100. Hapa mjini tupo usawa wa bahari, kwa hiyo 100 ni 100. Ndugu zetu wa Arusha wanaoishi zaidi ya mita 1,300 juu, maji yao huchemka kwenye 95 hivi, wasije wakavitupa vipimajoto vizima.

Napima mara tatu tu. Tui kabla ya kulimimina, rojo mara inapotoka kwenye blenda, na katikati ya bakuli nusu ya muda ikipita. Ya pili ndiyo muhimu. Nataka rojo itoke kwenye blenda ikiwa kati ya 26 na 28. Wakati wa kaskazi naipata kwa kukamua tui mapema na kulipoza kwenye friji, na kusaga kwa vipande: sekunde thelathini, pumzika, sekunde thelathini. Asiye na friji aweke jagi la tui kwenye maji yenye barafu ya kununua. Wakati wa kusi nafanya kinyume chake, tui naliacha na uvuguvugu wake, bakuli nalifunika kawa na kulisogeza karibu na jiko lililozimwa, si juu yake.

Joto likikushinda kabisa, punguza hamira. Robo kijiko mahali pa kijiko kizima hununua muda, na mkate hutoka na ladha nzuri zaidi kwa kuwa uliumuka polepole. Sukari nyingi itie mwisho. Ikiwa nyingi tangu mwanzo huikaba hamira. Na uache kutazama saa peke yake: tazama povu. Vipovu vidogo vimeenea juu nzima, katikati pameinuka kidogo kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi, ukitikisa bakuli panatetemeka bila kuporomoka. Hapo tia ute wa yai na mimina, hata kama ni dakika ya thelathini. Pakishaanza kubonyea umechelewa.

Mkate wa ufuta una ustahimilivu zaidi. Unga wa ngano una mshikamano unaozuia hewa, na dakika kumi za kuchelewa haziuui. Kumimina hakuna mshikamano huo. Mchele hauna kile kinachovutika ndani ya ngano, kwa hiyo hewa yote imeshikwa na uzito wa rojo na ute wa yai tu. Ndio maana katika vyakula vyetu vyote vya hamira huu ndio unaoadhibu kosa la joto haraka kuliko vingine, na ndio maana ukiwa mzuri watu humwuliza jina aliyeupika.

Shangazi amefariki. Chupa yake ninayo, na mafuta ndani yake nabadilisha kila mwaka. Kwenye karatasi ile iliyopakaa mafuta nimefuta "saa moja" na kuandika kwa wino: "Rojo nyuzi 27, mpaka povu lienee, Julai karibu saa moja, Februari nusu saa." Mistari hiyo ndiyo niliyompa binti yangu, ambaye anasoma Muscat na anapika kwenye jiko lenye kiyoyozi cha nyuzi 22. Alinipigia simu mara ya kwanza kusema rojo haijapanda baada ya dakika arobaini. Nikamwuliza msumari unasoma ngapi. Akasema 23. Akaliweka bakuli kwenye kabati karibu na kopo la maji ya moto, na kabla ya magharibi ulikuwa umeiva.

Katikati ya miaka ya 2040 Ramadhani itarudi kwenye Julai, mafuta ya nazi yataganda tena rafuni, na wasichana wanaojifunza leo katika kaskazi watashangaa kwa nini rojo yao haiumuki. Ukiwa na mama, bibi au shangazi anayejua kumimina, nenda kwake wiki hii na kipimajoto, mwombe apike kama kawaida yake, na uandike nyuzi zake pamoja na jina la mwezi.